Hesabu Miezi Mitatu Nyuma

Siku chache baada ya kumzika mama, mdogo wangu alikaa kwenye mkeka uani akasukwa twende kilioni, ile mistari mikubwa ya haraka ambayo mtu hasukwi kwa kupendeza. Ilikuwa Januari. Mwezi wa nne akaenda saluni kufumua rasta, nami nikamsindikiza. Msusi alipitisha chanuo mara moja, akanyamaza, akavuta kifundo cha nywele kilichobaki kwenye meno ya chanuo na kukisogeza kwenye mwanga wa mlango.

“Dada, hizi hazikatiki,” aliniambia. “Zinanyonyoka.”

Mdogo wangu alikuwa ameanza mafuta mapya wiki iliyotangulia, akayalaumu mafuta. Tuliporudi nyumbani, shangazi akasema ni jicho la watu. Nadhani kati yetu sote, msusi ndiye aliyeona sawasawa. Sisi husema “nywele zinakatika” kwa kila aina ya upotevu wa nywele, na hapo ndipo tunapojipoteza. Nywele zilizokatika ni vipande vifupifupi visivyolingana, na chanzo chake huwa dawa ya kulainisha, moto wa pasi ya nywele au ukavu. Zilizonyonyoka ni ndefu, na ukiziangalia kwa makini utaona kijitone cheupe kwenye ncha moja. Hicho ndicho kitako cha unywele. Kinaonyesha kwamba unywele umeachia wenyewe kutoka kwenye ngozi.

Kwa nini uachie? Kila unywele una ratiba yake, haufuati ya jirani. Hukua kwa miaka miwili hadi saba, kisha mzizi husinyaa kwa wiki mbili tatu, halafu unywele hupumzika kwa takriban miezi mitatu, umekaa tu kwenye kinyweleo, hadi uachie na mwingine uote mahali pake. Kichwa kina nywele 100,000 hivi. Kwa kawaida kama moja katika kila kumi ndizo zilizo mapumzikoni, na kati ya 50 na 100 hudondoka kila siku bila mwenyewe kushtuka.

Mwili ukipata pigo kubwa, nywele nyingi hupelekwa mapumzikoni kwa mkupuo. Pigo lenyewe laweza kuwa msiba, talaka, homa kali ya malaria au taifodi, upasuaji, kujifungua, au kujinyima chakula ili kupungua upesi. Siku ile haudondoki hata unywele mmoja wa ziada. Zinasubiri, na baada ya miezi miwili au mitatu, wakati majirani wameshaacha kuja kukupa pole, ndipo zinapoanza kuja mkononi. Daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, aliieleza hali hii mwaka 1961 na kuipa jina telojeni efluviamu.

Kuchelewa huko ndiko kunakowachanganya watu. Mtu anatazama alichofanya jana: mafuta, shampuu, mkono wa msusi. Akibadilisha mafuta na nywele zikaanza kurudi, anayasifu yale mapya, ingawa kwa wengi wenye hali hii upukutikaji hutulia wenyewe ndani ya miezi sita hivi, pigo likishapita. Ukiona nywele zinatoka kwa wingi, chukua kalenda uhesabu miezi mitatu nyuma. Uliumwa nini? Ulimpoteza nani? Usingizi ulikuwaje?

Jinsi msongo unavyofika hadi kwenye mzizi, sayansi imeanza kuonyesha. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Ya-Chieh Hsu walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio kwa panya. Tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni ya msongo. Kwa binadamu ni kortisoli, na panya wana ya kwao inayofanana nayo. Homoni hiyo ikizidi, seli zilizo chini ya kinyweleo hupunguza kutengeneza protini iitwayo GAS6, ambayo kazi yake ni kuziamsha seli shina za unywele. Hapo kinyweleo hubaki kimelala. Panya walioondolewa tezi hizo waliota manyoya mapya mara nyingi zaidi. Panya si mtu, lakini sasa mtu anayesema “mawazo yamenimaliza nywele” hapaswi kuchekwa.

Lakini wasukaji na wasukwaji wafanye kwanza hesabu nyingine. Ukikaa na rasta wiki sita, nywele zilizoachia hazina pa kudondokea, zimebanwa ndani ya msuko. Kwa nywele 50 tu kwa siku, siku 42 ni nywele 2,100, na zote unazipata siku ya kufumua. Rundo hilo hutisha, na wengi wamelia bure kwa ajili yake. Angalia siku zinazofuata: zikiendelea kujaa kwenye chanuo na kwenye mto, hapo ndipo pana jambo.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuficha. Nywele zikipungua, mtu anaongeza rasta nzito au wivingi ya kubana, na mzizi uliochoka unavutwa mchana na usiku. Kuvutwa huko, hasa pembeni mwa paji la uso, kukiendelea kwa miaka kunaacha kovu, na penye kovu hapaoti tena. Msuko ukikuuma hata ukashindwa kulala, ufumue usiku huohuo. Usiache kuosha kwa hofu pia, maana unywele ulioachia utatoka tu. Mafuta ya nazi na ya nyonyo yanapunguza kukatika, lakini hayaamshi mzizi.

Chakula kina nafasi yake: maharage, dagaa, mayai, maini, matembele. Chai ya rangi isubiri mlo upite, kwa sababu huzuia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga na nafaka. Omba upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo kabla ya kununua vidonge. Na kama unameza bayotini, mwambie daktari. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba inaweza kuvuruga majibu ya maabara.

Mabaka ya duara yaliyo laini kabisa, utosi unaong'aa na kuwasha, au mtoto mwenye mapunye, hayo si ya kusubiri, nenda hospitali.

Kuhusu msongo wenyewe, kumwambia mfiwa “punguza mawazo” ni kumwongezea mzigo. Mdogo wangu tulimchukulia watoto kila Jumamosi ili alale. Jioni tulitembea naye hadi barabara ya lami na kurudi, akimzungumzia mama njia nzima. Nywele akaziacha fupi, bila rasta.

Mwezi wa nane alinishika mkono akaupeleka kwenye paji lake. Zilikuwa nywele changa, hazijafika hata sentimita mbili, zinachoma kidole.