Kichocheo Kinachobaki Ndani ya Mrija

Dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati za Tanzania na Kenya inategemea artemisinini, kemikali iliyogunduliwa China katika mmea wa Artemisia annua. Mmea huo hulimwa hata Afrika Mashariki, lakini bei yake imekuwa ikipanda na kushuka, na wanakemia wametafuta namna ya kuitengeneza dawa hiyo kiwandani. Huko kuna hatua inayohitaji mwanga: oksijeni hupewa nishati ya ziada ndipo ijipachike kwenye molekuli itakayogeuka kuwa artemisinini.

Nishati hiyo huletwa na kichocheo cha mwanga, mara nyingi kemikali yenye rangi kali. Hunyonya mwanga, huikabidhi oksijeni nishati, kisha hurudia hali yake ya awali, tayari kwa zamu nyingine. Tatizo ni kwamba kikiyeyushwa katika mchanganyiko, hutoka pamoja na dawa, na kukitenganisha ni gharama. Vichocheo vingine vimeundwa kwa iridi, metali adimu mno, isiyofaa kupotea wala kubaki ndani ya kidonge.

Mwanga nao haufiki mbali. Katika pipa kubwa la kimiminika chenye rangi, milimita chache za mwanzo zinaweza kuumaliza karibu wote, na katikati kukabaki giza. Ndiyo maana wanakemia hupitisha kimiminika mfululizo katika mrija mwembamba unaopenyeza mwanga, uliozungushwa kwenye taa. Kutoka hapo, hatua inayofuata ni kukishikiza kichocheo kwenye kitu kigumu ndani ya mrija, ili dawa ipite na chenyewe kibaki.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliifunga rozi bengali, rangi ya waridi, kwenye chembe za polistireni, na chembe hizo zikaweza kuipa oksijeni nishati.

Mwaka 2015 timu ya Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, wakiwemo Martyn Poliakoff na Michael George, ililipeleka wazo hilo kwenye artemisinini. Walishikiza porfirini, jamii ya kemikali iliyo karibu na klorofili, kwenye chembe za rezini yenye asidi. Uteuzi huo ulikuwa na akili nyingi, kwa sababu baada ya mwanga, molekuli huhitaji asidi ili ikamilike. Chembe zilezile zikafanya kazi zote mbili. Kiyeyushi kilikuwa kaboni dioksidi iliyogandamizwa hadi ikawa kimiminika. Ukiondoa shinikizo, hupaa kama gesi na kuacha zao nyuma.

Metali nayo inaweza kuepukwa kabisa. Urea, ambayo wakulima wanaijua kama mbolea, ikichomwa kwa takriban nyuzi 550 za Selsiasi hutoa unga wa njano wa nitridi ya kaboni, kichocheo kisichoyeyuka. Unga huo ukijazwa mtupu kwenye mrija, tabaka la nje hulinyima la ndani mwanga na kimiminika hupita kwa taabu. Basi huchanganywa na shanga za kioo, au hupakwa utando mwembamba ukutani mwa mrija.

Kudumu kwa vichocheo hivi vilivyoshikizwa ndiko kunakohitaji uthibitisho. Chembe za rozi bengali hufichua kasoro zake machoni: kimiminika kikitoka na wekundu wa waridi, rangi inachuruzika; chembe zikififia, mwanga unaila. Kwa vichocheo vya metali, mtafiti hupima metali iliyomo katika kilichotoka. Kisha huchukua kimiminika kilichokwisha kupita, hukichuja, na kukirudisha chini ya taa bila chembe. Mmenyuko ukiendelea kwa nguvu, kuna kichocheo kilichotoroka na kinafanya kazi nje ya chembe, na kiwanda kitakachoendesha mtambo kwa wiki nzima kitakuwa kikipoteza kidogo kila saa.