Must, had to na should: kueleza wajibu katika insha ya A Doll's House

Neno letu "lazima" hufanya kazi nyingi, na hapo ndipo watahiniwa wengi hunaswa waandikapo Kiingereza. Chukua deni la Nora katika tamthilia ya Henrik Ibsen, A Doll's House (1879). Nora alikopa pesa kwa Krogstad ili Torvald, aliyekuwa mgonjwa, apelekwe Italia. Hayo yalitokea miaka kadhaa kabla ya tamthilia kuanza. Kwa hivyo, ingawa insha ya fasihi huandikwa kwa wakati uliopo, mkopo huu huelezwa kwa wakati uliopita.

Andika: Nora had to borrow the money. Ukiandika Nora must have borrowed the money, hujasema alilazimika. Umesema unakisia kwamba alikopa. Mtahini atajiuliza: kwani huyu hakusoma kitabu? Must ya wajibu haina umbo la wakati uliopita, hivyo nafasi yake huchukuliwa na had to.

Sasa tazama ukanushaji. Katika tendo la kwanza, Bi. Linde anamwambia Nora kwamba mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Hiyo ni a wife must not borrow, yaani haruhusiwi. Ukiandika a wife does not have to borrow, umesema si lazima akope, ila akitaka, ruksa! Basi katazo lenyewe limetoweka.

Should have inahitaji uangalifu zaidi. Nora should have told Torvald ina maana kwamba alipaswa kumwambia na hakumwambia. Hapo umetoa hukumu, nawe sharti uitetee kwa ushahidi kutoka tamthilia. Vivyo hivyo, anayeandika Nora had to forge the signature anamtetea, naye anayeandika she should not have forged it anamlaumu. Nimesahihisha insha zinazomtetea Nora katika aya moja na kumlaumu katika inayofuata, mwandishi asijue kilichobadilika ni kitenzi tu. Amua msimamo wako kwanza.

Kuhusu maumbo: must na should hazifuatwi na to, lakini ought hufuatwa nayo. Na usidondoshe d ya supposed to. Kosa hilo hupatikana hata katika insha nzuri.