Kabla Hujapiga Windows Upya kwa Sababu ya DVD

Kompyuta mpakato inapofikishwa kwa fundi kwa sababu ya DVD, maelezo huwa mafupi: "Haisomi." Fundi mwenye haraka haulizi zaidi. Anapiga Windows upya, anachukua chake, na jioni mwenye mashine anagundua kwamba DVD bado haisomi na picha za watoto zilizokuwa kwenye desktop hazipo tena.

Kupiga Windows upya ni hatua ya mwisho kabisa kwa tatizo la namna hii, na mara nyingi haisaidii hata kidogo. Hiyo "haisomi" inaweza kuwa kosa la diski, la draivu au la programu ya kuchezea filamu. Kujua ni lipi kati ya hayo kunachukua dakika chache na hakuhitaji bisibisi.

Chukua DVD isiyo na kufuli, kwa mfano ile ya harusi au ya mahafali uliyochomewa na mpiga picha. Za kiwandani nyingi zina kufuli, na zinaweza kukataa kunakiliwa hata kama draivu ni nzima. Iweke kwenye trei, lakini usiibofye mara mbili. Fungua dirisha la This PC, au Computer kama unatumia Windows 7, ubofye draivu kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague Open. Utaona folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili makubwa ambayo majina yake yanaishia na herufi VOB. Hiyo ndiyo filamu yenyewe, imekatwa vipande visivyozidi GB 1 kila kimoja. Nakili kipande kimoja kwenye desktop huku ukiangalia saa. Kasi ya msingi ya DVD, ile inayoandikwa 1x, ni kama MB 1.4 kwa sekunde, na draivu nyingi za kompyuta mpakato hufikia 8x, yaani MB 11 hivi. Kipande cha GB 1 kikifika salama ndani ya dakika mbili hadi nne, diski ni nzima na draivu ni nzima. Tatizo liko kwenye programu, na bisibisi ibaki mfukoni.

Kikisuasua au kikakatikia njiani, jaribu diski nyingine kabla ya kuhukumu: moja ya kiwandani na moja ya kuchomwa, na CD ya muziki kama unayo. Majibu ya diski hizo yana maana kubwa, nitayarudia hapo mbele.

Kwanza programu, kwa sababu huku ndiko lawama nyingi zinakopaswa kwenda. Windows 7 ya toleo la Home Premium na yaliyo juu yake ilikuja na uwezo wa kucheza filamu za DVD. Matoleo ya bei nafuu, Starter na Home Basic, hayakuwa nao. Kisha mwaka 2012 ikaja Windows 8, na Microsoft ikauondoa uwezo huo kwa kila mtu. Sababu waliitaja wenyewe: kila mashine ilikuwa inalipiwa leseni ya kutafsiri picha na sauti za DVD, wakati kompyuta zenye draivu hiyo zilikuwa zinapungua. Windows 10 nayo ikaja bila uwezo huo, ila kwa programu ya kununua kando. Sasa mtazame mteja wetu. Alikuwa na Windows 7, akaangalia filamu zake miaka mingi bila shida. Mashine ikawa nzito, fundi akampigia Windows 10, na siku hiyohiyo DVD ikagoma. Draivu haikuguswa. Dawa yenyewe ndiyo iliyoleta ugonjwa, na bado kuna fundi atakayependekeza dozi ya pili.

Anachohitaji ni VLC, programu ya bure iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Inabeba ndani yake vitafsiri vyote vya picha na sauti, haitegemei vya Windows. Ipakue kwenye tovuti ya VideoLAN wenyewe, si kwenye tovuti yoyote inayojitokeza kwanza ukitafuta. Na achana na yale mafurushi ya kodeki, yaani vitafsiri hivyohivyo, yanayogawiwa kwenye flashi mtaani kama tiba ya kila kitu. Yakikusanyika matatu kwenye mashine moja, yanaanza kunyang'anyana kazi, na unapata filamu yenye sauti bila picha, au picha inayokimbia mbele ya sauti. Yaondoe yote, weka VLC, washa mashine upya.

Kuna malalamiko mawili ya VLC ambayo si ubovu. La kwanza ni mistari myembamba kama meno ya chanuo inayoonekana kila mtu anapotembea au kucheza ngoma. Video nyingi za harusi za kwetu zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, ambao kila sekunde huchora nusu-picha 50: mara mistari ya shufwa, mara ya witiri. Televisheni za zamani ziliunganisha nusu hizo bila mtu kujua, lakini skrini ya kompyuta inazionyesha kama zilivyo. Bonyeza herufi D filamu ikiwa inacheza, mistari inaondoka. La pili ni filamu kusimama kwa kitambo kidogo katikati, kisha kuendelea. Kama ni DVD ya tabaka mbili, ile ya GB 8.5 badala ya 4.7, hapo leza inahama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Ikitokea mara moja tu, usijali.

Halafu kuna suala la kanda. Kampuni za filamu ziliigawa dunia: Marekani na Kanada ni kanda 1, Ulaya, Afrika Kusini na nchi za Ghuba ni 2, na sisi Afrika Mashariki tumo kanda 5 pamoja na India na Urusi. Ndugu akikuletea filamu halisi kutoka London au Dubai, kompyuta inaweza kukutaka ubadilishe kanda. Fikiri kabla hujakubali. Draivu zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zinaruhusu kubadilisha mara 5 tu, na baada ya hapo kanda ya mwisho inabaki ya kudumu. Hesabu hiyo inatunzwa ndani ya draivu yenyewe, si kwenye Windows, kwa hiyo hata ukipiga Windows mara kumi haifutiki. DVD za harusi na zile za kuchomwa nyumbani hazina habari ya kanda.

Tuje kwenye draivu. Ndani yake mna leza mbili. CD husomwa kwa mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, na DVD kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, kwa sababu njia zake za data zimebanana zaidi: nafasi kati ya njia na njia ni mikromita 0.74, wakati kwenye CD ni 1.6. Leza moja ikifa, nyingine huendelea na kazi kama kawaida. Ndiyo maana nimesema uwe na CD ya muziki. Draivu inayocheza CD vizuri lakini inakataa DVD zote, hata mpya, imepoteza leza yake nyekundu, na hakuna programu ya kuirudisha. Leza inayochoka bila kufa nayo ina dalili zake. Diski za kufutika na kuandikwa upya hurudisha mwanga kidogo, kwa hiyo ndizo zinazokataliwa mwanzo, wakati za kiwandani zenye tabaka moja bado zinakubali.

Kabla ya kuitangaza leza kuwa imekufa, safisha lenzi. Draivu nyembamba za kompyuta mpakato zina udhaifu ambao deki ya sebuleni haina: lenzi imekaa kwenye trei yenyewe, na kila unapoifungua inatoka nje kukutana na vumbi na vidole vya watoto. Zima mashine, fungua trei, na kama haitoki penyeza waya wa klipu ya karatasi kwenye kitundu kidogo kilicho usoni mwake. Lowesha pamba ya masikioni kidogo kwa spiriti safi isiyo na mafuta, pitisha juu ya lenzi taratibu bila kukandamiza, kwani lenzi imening'inia kwenye waya mwembamba sana, kisha iache ikauke. Ukifanya hivyo na draivu ikafufuka, umeokoa pesa.

Udhaifu mwingine uko nyuma ya trei. Kuna kebo bapa inayokunjwa na kukunjuliwa kila trei inapotoka na kuingia, na baada ya miaka inachanika ndani kwa ndani. Dalili yake ni draivu inayoonekana kwenye kompyuta trei ikiwa wazi na kutoweka ukiifunga, au kinyume chake.

Draivu isipoonekana kabisa, usianze na Windows. Ingia kwenye BIOS wakati mashine inawaka, kwa F2, F10, Esc au Del kutegemea kampuni, uangalie orodha ya vifaa. Isipokuwemo hata huko, Windows haina hatia: draivu imeachia soketi yake au imekufa. Katika mashine nyingi za zamani inashikiliwa na skrubu moja chini. Ifungue, vuta draivu nje, irudishe kwa kuisukuma sawasawa. Ikiwemo kwenye BIOS lakini ndani ya Windows ina alama ya mshangao ya njano, hapo ndipo Windows inaweza kulaumiwa, na mara nyingi chanzo ni programu ya kuchomea diski iliyowahi kuwekwa na kuondolewa vibaya. Programu hizo hupachika vichujio kati ya Windows na draivu, na zikifutwa vichujio hubaki vinaelekeza kwenye kitu kisichokuwepo. Fungua Device Manager, futa draivu hiyo kwenye orodha, washa upya. Isiposaidia, maingizo mawili ya UpperFilters na LowerFilters kwenye rejista, katika kundi la vifaa vya CD na DVD, ndiyo ya kuondoa, baada ya kuhifadhi nakala ya rejista. Kama hujawahi kuigusa rejista, hapo mpe fundi. Mwambie maneno hayo mawili. Akishangaa, tafuta mwingine.

Diski nayo ina makosa yake. Mikwaruzo inayokata kutoka katikati kwenda ukingoni haina madhara makubwa, maana kila njia ya data inapoteza kipande kifupi ambacho draivu hukikokotoa upya. Inayozunguka kufuata njia ndiyo inayoua. Kwa hiyo futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usiisugue kwa mzunguko. DVD ya tabaka moja husomwa kuanzia ndani kwenda nje, hivyo filamu inayogoma karibu na mwisho tu inakuambia uangalie ukingoni, kwenye alama za vidole. Na kuna stika za picha ya bwana na bibi harusi ambazo studio zetu hupenda kubandika juu ya diski. Zinapendeza, lakini karatasi ile inavuta diski ipinde na kuyumba inapozunguka, na draivu nyembamba haivumilii. Diski inayocheza kwenye deki ya aliyeichoma na kukataa kwingine kote pengine haikufungwa mwisho wa uchomaji. Irudi kwake aifunge.

Diski ya kuchomwa ikianza kusuasua, nakili VIDEO_TS nzima kwenye hadidiski leo, na nyingine kwenye flashi. Rangi ya kikemikali inayobeba data hiyo hufifia kwa jua na joto.

Leza ikiwa imekufa kweli, sioni faida ya kuifungua draivu kuitengeneza. Nunua draivu ya nje ya USB. Chagua yenye kebo ya vichwa viwili kama kompyuta yako ni ya zamani, kwa sababu tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, na draivu inayoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi. Ukisikia inajaribu kuzunguka, inalia "tik" na kuanza tena, ni njaa ya umeme. Kwenye nafasi iliyobaki ndani ya mashine unaweza kuweka SSD kwa fremu maalumu, na mashine itanufaika zaidi kuliko ilivyonufaika na DVD. Pima unene wa draivu ya zamani kabla ya kwenda dukani, kwa sababu fremu ziko za milimita 9.5 na 12.7 na haziingiliani. Na usitupe ile draivu iliyokufa kabla hujachomoa kipande cha plastiki cha mbele na kibati kidogo cha skrubu nyuma yake: fremu nyingi huja bila hivyo viwili.