Kwa nini mbegu ya nguruwe dume haigandishwi kirahisi kama ya fahali

Mwenye ng'ombe wa Muleba anaweza kumpigia simu mhimilishaji, naye akaja na mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za fahali kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha. Mwenye nguruwe hana njia hiyo. Jike akiingia joto huswagwa hadi kwa mwenye dume, au dume aletwe bandani. Wasikilizaji wa Miembeni, hapa Bukoba, wanauliza: kwani mbegu za nguruwe haziwezi kugandishwa?

Swali lina uzito, maana dume anayezunguka banda hadi banda anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba.

Zinagandishwa, ila kwa taabu. Kila mbegu imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Wa nguruwe una kolesteroli kidogo kuliko wa fahali, na kolesteroli ndiyo huuimarisha utando baridi inapoingia. Ikishuka ghafla chini ya nyuzi 15, mafuta hukaza kama samli ya asubuhi, utando hupasuka. Hata zikigandishwa kitaalamu hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, mara nyingi nusu au zaidi hufa. Ian Wilmut, ambaye baadaye aliongoza kazi ya kumzalisha kondoo Dolly mwaka 1996, alipata udaktari wake Cambridge mwaka 1971 kwa kuchunguza jambo hilihili.

Cha ajabu, madume hawafanani. Wawili wa mbegu moja, wanaokula chakula kimoja, mmoja mbegu zake zinastahimili baridi na mwingine haziamki. Ukizitazama zikiwa mbichi kwenye hadubini huoni tofauti. Ndiyo maana watafiti wamegeukia majimaji yanayobeba mbegu, ambayo dume humwaga kwa wingi, robo lita hata zaidi.

Humo mna protini. Nyingi ni za jamii iitwayo spemadhesini, nazo hujibandika juu ya utando. Baadhi huukinga, nyingine huudhuru, na kipimo chake hutofautiana kati ya dume na dume. Protini nyingine, fibronektini, imeonekana kwa wingi zaidi kwa madume ambao mbegu zao huganda vizuri. Hata sehemu ya mmwago ina maana: mbegu za mwanzo wa ile sehemu nzito hustahimili kuliko zinazofuata. Sisi tunaona faida kubwa hapo ni kumjua dume mapema, kabla ya kuingia gharama ya naitrojeni.

Kwa sasa, duniani kote, karibu uhimilishaji wote wa nguruwe hutumia mbegu zilizopozwa tu, nyuzi 15 hadi 18, na hudumu siku tatu hadi tano. Ukiletewa hizo, usiziweke kwenye friji ya nyumbani. Nyuzi 4 zinaziua. Zisiguse barafu wala jua la bodaboda. Jike apandishwe anaposimama tuli ukimkandamiza mgongoni, kisha arudiwe baada ya saa 12 hadi 24. Na muulize mleta mbegu kama dume amepimwa, kwa kuwa kirusi cha homa ya nguruwe hupita hata ndani ya mbegu.