Kisawazishi au Kififishi? Istilahi za Mtetemo wa Injini

Mfasiri wa vitabu vya ufundi wa magari hana budi kukutana na chombo kidogo kilichofungwa mbele ya injini, kwenye ncha ya krenkishafti, mahali penye puli ya kuendeshea mikanda. Kwa macho chombo hicho ni puli tu. Kwa Kiingereza kina majina mawili: moja lina maana ya chombo cha kufifisha mtetemo, la pili, lipendwalo zaidi Marekani, lina maana ya chombo cha kusawazisha. Mfasiri akilifuata jina hilo la pili atapata "kisawazishi", neno lisilo na dosari yoyote ya kisarufi. Dosari yake ni kwamba halisemi kweli, na asiyesemewa kweli hapa ni fundi mwenye spana mkononi. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti ya dhana hizi mbili na kupendekeza istilahi zinazofaa.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Mnazi ukipigwa na upepo hutikisika. Uzi wa zeze ukiguswa hutetema. Msemaji wa Kiswahili hayachanganyi mambo haya mawili, wala mwandishi wa istilahi hapaswi kuyachanganya. Injini nzima inapocheza juu ya raba zake kwa sababu pistoni zinazopanda na kushuka hazikukamilishana uzito, huo ni mtikisiko. Dawa yake ni kusawazisha, yaani kuongeza uzito upande mmoja ili upinge uzito wa upande wa pili.

Lakini krenkishafti ina maradhi yake ya ndani. Huu ni mhimili wa chuma wenye viwiko, na kila mafuta yanapolipuka katika silinda, konrodi husukuma kiwiko kimoja kwa nguvu. Chuma, japo kigumu, husokoteka kidogo na kurudi, mfano wa kamba iliyosokotwa ikaachiwa. Katika injini ya silinda sita yenye mipigo minne, misukumo hiyo ni mitatu kwa kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenkishafti hupigwa mara 300 kila sekunde. Ikitokea mapigo hayo yakawiana na mwendo wa asili wa chuma chenyewe, msokoto hukua kila mara, kama vile bembea inavyozidi kupaa kwa msukumo mdogo uliotolewa kwa wakati wake. Mwisho wake ni chuma kuchoka na kukatika. Huu ndio mtetemo wa msokoto, na hauonekani kwa macho wala kusikika vema na dereva.

Ushahidi kwamba mambo haya ni mawili ni injini ya silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Pistoni zake hukamilishana vizuri mno, hata injini ikawa na utulivu usio na mfano. Lakini krenkishafti yake ni ndefu, na kadiri mhimili unavyorefuka ndivyo unavyosokoteka kwa urahisi. Injini iliyosawazika kuliko nyingi ndiyo hiyo inayohitaji sana chombo chetu. Basi chombo hicho kitaitwaje kisawazishi, hali hakuna cha kusawazishwa?

Historia nayo inatufunza. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester, aliyeishi kati ya 1868 na 1946, alishughulikia matatizo yote mawili na kuyapa dawa mbili mbalimbali. Kwa mtikisiko wa injini za silinda nne alibuni mihimili miwili inayozunguka kwa kasi maradufu ya krenkishafti, kila mmoja kinyume cha mwenziwe. Mihimili hiyo ilifufuliwa na Mitsubishi katika miaka ya 1970, na Porsche ikaitumia katika gari lake la 944 lililoanza kuuzwa mwaka 1982. Hivyo ndivyo visawazishi vya kweli. Kwa mtetemo wa msokoto, uliokuwa ukivunja krenkishafti za injini za silinda sita za zama zake, alibuni kitu kingine kabisa: uzito unaoburutwa na krenkishafti kwa msuguano.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hata leo. Chombo cha kawaida kina kitovu kilichokazwa kwenye krenkishafti, pete nzito ya nje, na raba kati yao. Krenkishafti inaposokoteka ghafla, pete huchelewa kuifuata. Raba huvutwa huku na huku, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto. Katika injini nyingi kubwa za dizeli na baadhi ya magari ya mashindano, mahali pa raba pana kiowevu kizito cha silikoni. Jambo la kuzingatia ni kwamba chombo hakiuzuii mtetemo usianze. Huunyima nafasi ya kukua.

Sasa tupime majina. "Kizuiamtetemo" linaahidi lisilowezekana. "Dampa" ni fupi, lakini msomaji wa Tanzania atalisogeza karibu na dampo, yaani jaa la taka. Tunapendekeza kitenzi fifisha. Mwanga hufifia, sauti hufifia. Kadhalika mtetemo hufifia. Kutokana nacho tunapata kififishi, ufifishaji na mtetemo unaofifia, ukoo mzima wa maneno unaoweza kutumika hata katika fizikia ya shule. Fundi naye ataelewa upesi akielezwa kwamba shokapu pia ni kififishi: haizuii springi isicheze, bali huufifisha mchezo wake.

Pana jambo la kuangaliwa. Baadhi ya injini za V8 za Kimarekani, kama Chevrolet ya inchi za ujazo 454, zina uzito wa kusawazisha uliounganishwa na kififishi. Hapo mfasiri ataje kazi zote mbili, kila moja kwa neno lake.

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mabishano ya maneno. Sivyo. Magari ya Toyota Mark II yenye injini ya silinda sita za mstari mmoja yametapakaa katika barabara za Dar es Salaam, na mengi yana umri wa zaidi ya miaka 20. Raba hukauka na kupasuka. Aidha, wapenda mbio huuziwa puli nyepesi za alumini zisizo na raba ili injini ichangamke. Fundi aliyesoma kwamba kilichomo ni "kisawazishi", na ambaye anajua kuwa injini hiyo imekwisha kusawazika, atakitoa bila wasiwasi. Aliyesoma "kififishi cha mtetemo wa msokoto" atauliza kwanza: je, nikikitoa, ni nini kitakachoufifisha?

Mapendekezo yetu, basi, ni haya: mtikisiko na kisawazishi viende pamoja, mtetemo wa msokoto na kififishi viende pamoja. Walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni kabla hayajafikishwa kwenye usanifishaji.