Sayari zikijipanga angani, tuogope?



Mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka 2025, sayari nyingi zilionekana usiku mmoja, toka magharibi mpaka mashariki. Wakati ule Kivu yetu ilikuwa katika taabu ambayo hatuna haja ya kuwaelezea. Ndipo sauti zikaanza kuzunguka katika telefone: eti sayari zimefanya mstari, eti Marsi ni nyekundu sababu ya damu, eti volkano itapasuka, watu wafunge mizigo. Wengine wetu tulizisikia hata kwenye kesha la maombi.

Kule juu kulikuwa nini? Dunia na sayari zingine zinazunguka jua karibu katika usawa mmoja, kama vitu vilivyowekwa juu ya sinia moja. Sisi pia tuko juu ya sinia hiyo, kwa hiyo tukiziangalia zingine tunaziona zote kwenye njia moja, ile njia ambayo jua linapita mchana. Mstari huo uko siku zote. Kilicho haba ni sayari nyingi kuwa upande wa usiku kwa wakati mmoja. Tena zenyewe hazikusimama kwenye mstari. Ziko mbalimbali sana, kila moja na safari yake.

Saa moja ya usiku, kama mawingu ya mvua yaliachia nafasi, uliona Venusi upande wa magharibi, inang'aa kuliko nyota zote. Karibu yake Saturni, hafifu. Jupiteri ilikuwa juu sana, na Marsi mashariki. Urani na Neptuni zilihitaji darubini. Tarehe 28 ya mwezi wa pili Merkuri nayo iliingia, lakini chini sana, karibu na jua. Mwenye vilima mbele yake hakuiona. Na ile rangi ya Marsi ni vumbi lenye kutu ya chuma, sawa na kutu ya bati lako. Damu ya watu wetu ilimwagwa na watu.

Juu ya volkano: mwaka 1974 wataalamu wawili waliandika kitabu wakisema kwamba sayari zikijipanga mwaka 1982 zitaleta tetemeko kubwa la ardhi huko California, Marekani. Siku ya 10 mwezi wa tatu 1982 ilipita, tetemeko halikuja. Tarehe 5 mwezi wa tano 2000 zilikusanyika tena, watu wakaogopa tena, ikapita. Nyiragongo ilishuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Linganisheni wenyewe. Mwezi peke yake unavuta dunia yetu zaidi sana kuliko sayari zote pamoja, nao unapita kila siku. Habari ya mlima tuiulize kwa wale wanaopima mitetemeko na gesi yake, sio kwa sauti isiyo na jina.

Wengine wanatuuliza juu ya Luka 21:25. Tunaamini neno hilo. Lakini jambo ambalo wanafunzi wanaweza kulihesabu miaka mingi mbele, kwa sababu Jupiteri inazunguka jua kwa miaka 12 hivi na Saturni kwa 29, haliwezi kuwa habari ya vita vya mwezi huu. Someni pia Yeremia 10:2, ambapo Bwana anawakataza watu wake kuogopa ishara za mbingu kama mataifa wanavyoziogopa. Mhubiri anayetaja tarehe kwa kuangalia sayari, mwulizeni alisema nini juu ya ile iliyopita.

Tena kuna wanaosema kwamba kuangalia nyota ni uchawi. Hapana. Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kuziabudu. Kuziuliza habari ya ndoa au ya safari, huo ndio uaguzi. Daudi katika Zaburi ya 8 aliziangalia, akashangaa kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu.

Mangaribi ya tarehe 8 mwezi wa tisa 2040, Merkuri, Venusi, Marsi, Jupiteri na Saturni zitaonekana zimekaribiana sana upande wa magharibi, na mwezi mchanga pamoja nazo. Andikeni tarehe hiyo nyuma ya Biblia. Ili kuzitambua: nyota inapepesa, sayari inatulia.