Turufu Ishirini na Mbili: Taroti ya Rider kwa Matoleo na Vipimo vyake

Pakiti ya taroti ina karata 78, yaani 26 zaidi ya pakiti ya kawaida inayochezwa vijiweni. Kati ya hizo, 56 zimegawanyika katika jamii nne, na kila jamii ina nyuso nne za watu badala ya tatu: mfalme, malkia, mpanda farasi na mtumishi. Karata 22 zilizobaki hazina jamii. Kila moja ina picha na jina lake: Mjinga, Mnyongwa, Mnara, Mwezi, Jua, Dunia. Hizo ndizo turufu, na kwa Mswahili neno hilo halihitaji kutafsiriwa.

Karata hizi zinatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Florence, Italia, mwaka 1440, na wakati huo ziliitwa trionfi. Jina la tarocchi lilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 16. Trionfi ilitembea Ulaya nzima ikawa jina la karata yoyote inayokula nyingine. Wareno wakasema trunfo, na katika bandari za Pwani ya Afrika Mashariki trunfo ikawa turufu. Leo mchezaji wa Muleba, mkoani Kagera, anayeinua mkono juu na kuibamiza karata mezani akipiga kelele kwamba ana turufu, anataja jina la kwanza la taroti.

Majina ya jamii nne yana historia hiyo hiyo. Mtu akiuliza huko Kishanda, Muleba, kwa nini karata yenye moyo mwekundu inaitwa kopa, jibu atakalopata ni kwamba ndivyo inavyoitwa. Kwa Kireno copa ni kikombe, espada ni upanga, ouro ni dhahabu na pau ni fimbo au gongo. Wareno walipofika Pwani mwaka 1498, karata zao zilikuwa na picha za vitu hivyo hasa. Baadaye Wareno wenyewe walihamia kwenye alama za Kifaransa, yaani moyo, jembe, almasi na ua, lakini wakaendelea kuziita kwa majina ya zamani, na Waswahili wakafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kopa haina kikombe, na shupaza, ambayo wengine huiita jembe, haina upanga. Katika taroti picha za kale zimebaki. Anayefungua pakiti ya taroti kwa mara ya kwanza atakuta kopa yenye kikombe kweli, shupaza yenye upanga, uru yenye sarafu ya dhahabu na pau yenye fimbo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mchezaji wa hapa atajikwaa. Katika Kiswahili cha karata, mfalme ni mzungu wa nne, mtumishi ni mzungu wa tatu na malkia ni mzungu wa pili. Hesabu hizo zinalingana sawasawa na pointi za sueca, mchezo wa Kireno ambamo ree ina pointi 11, saba 10, mfalme 4, mtumishi 3 na malkia 2. Kila jamii inatoa pointi 30, pakiti nzima 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Kwa hiyo malkia yuko chini ya mtumishi wake, jambo ambalo watu wamelizoea kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Katika taroti malkia amerudi kwenye kiti chake, wa pili baada ya mfalme.

Ulaya nayo ilizipata karata kutoka kwa Waarabu wa Misri katika miaka ya 1370. Jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, lina karata za enzi ya Wamamluki, waliotawala Misri wakati huo, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea mpira wa farasi. Hazina picha za watu, ila vyeo vimeandikwa: mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Ni naibu yuleyule anayetajwa kwenye taarifa ya habari akiwa naibu waziri. Karata hizo zina urefu wa sentimita 25 hivi, na bila shaka mchezaji alizishika kwa shida.

Taroti za kwanza nazo zilikuwa kubwa. Pakiti ya familia za Visconti na Sforza, watawala wa Milano katika karne ya 15, ina karata za sentimita 17.5 kwa 8.7, zilizochorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu. Ni vitu vya kuonyesha wageni kuliko vya kuchanga na kugawa. Zimebaki karata 74: 35 ziko New York katika maktaba ya Morgan, 26 katika Accademia Carrara ya Bergamo, na 13 katika familia moja ya mji huohuo. Zisizoonekana ni nne, nazo ni Shetani, Mnara, tatu ya shupaza na mpanda farasi wa uru. Uchapaji wa mbao ulipoenea, karata zilipungua ukubwa na bei, na mtindo unaoitwa wa Marseille ukatawala Ufaransa. Toleo lake linalorejewa zaidi ni la Nicolas Conver, la mwaka 1760.

Muda wote huo taroti ilikuwa mchezo, na Wafaransa wanaucheza hadi leo. Habari za uaguzi zilishika kasi mwaka 1781, pale mwandishi Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba picha hizo ni hekima ya siri ya Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, na mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett alilichambua dai hilo kwa kina mwaka 1980, lisibaki na pa kusimamia. Lakini hadithi tamu haiuliwi na kitabu. Afrika Mashariki haikuwa na haja ya karata kwa kazi hiyo: Pwani kuna ramli na maumbo yake 16, Bunyoro, kaskazini ya Kagera, waaguzi walirusha simbi tisa, na Dar es Salaam marehemu Sheikh Yahya Hussein alisoma nyota.

Pakiti ambayo leo mtu akisema taroti ndiyo inayokuja akilini ilitolewa London mwezi Desemba 1909 na kampuni ya William Rider. Aliyeiagiza ni Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya siri. Aliyeichora ni Pamela Colman Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878 na kuishi sehemu ya utoto wake Jamaika. Alimwandikia mpigapicha Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kiduchu. Alifariki mwaka 1951, na kwa miaka mingi jina lake halikuwepo kwenye kisanduku. Hata hivyo alijiwekea saini ndogo, herufi zake tatu zilizosokotwa kama nyoka, kwenye kona ya chini ya karata zake.

Ugeni wa pakiti hiyo ulikuwa katika karata za namba. Katika mtindo wa Marseille, sita ya kopa ni vikombe sita tu, kama vile sita ya kawaida ilivyo mioyo sita. Smith aliweka watu, nyumba, bahari na mavazi kwenye kila moja. Tatu ya shupaza yake ni moyo mwekundu uliochomwa panga tatu, nyuma yake mawingu na mvua. Wazo hilo linatoka kwenye pakiti ya Kiitaliano iitwayo Sola Busca, ya karne ya 15, ambayo picha zake zilikuwepo katika British Museum wakati huo. Mchezaji wa Bukoba akiiona karata hiyo anaweza kuiita kopa bila kusita. Waite naye aliingiza mkono wake: Haki, iliyokuwa namba 8, aliipeleka 11, na Nguvu akaileta 8. Anayelinganisha pakiti ya Rider na ya Marseille aanze na namba hizo mbili, kwani toleo lolote jipya linaonyesha ukoo wake hapo.

Toleo la 1909 lilikuwa la nakala chache na mgongo wake ulikuwa na mawaridi na mayungiyungi. Yaliyofuata yalikuwa na mgongo wenye mistari kama tope lililopasuka kiangazi. Wakusanyaji wameyapanga matoleo ya kabla ya Vita Kuu ya Pili katika makundi manne, A hadi D, kwa kutazama michoro mstari kwa mstari, hasa kwenye karata ya Jua. Tofauti hizo zipo kwa sababu uchapaji wa wakati huo ulihitaji michoro inakiliwe upya kwa mkono kwa ajili ya mtambo, na kila mnakili ana mkono wake. Uso wa Jua unaweza kuwa mpole katika kundi moja na mkali katika jingine, ingawa wote wanasema wamemfuata Smith.

Nakala zisizo na idhini zilianza mapema. L. W. de Laurence wa Chicago alitoa kitabu cha Waite na picha zake mwaka 1918 kana kwamba ni kazi yake. Mwaka 1968 Frankie Albano alitoa toleo la rangi kali zinazopiga kelele. Mwaka 1971 kampuni ya Stuart Kaplan, U.S. Games Systems, ikaleta pakiti ya kisanduku cha njano, iliyochapwa Uswisi, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Rangi zake ni bapa: njano ni njano, nyekundu ni nyekundu, bila kivuli. Mwaka 1990 Mary Hanson-Roberts alipaka upya michoro hiyo kwa rangi laini zenye vivuli, ikaitwa Universal Waite. Mwaka 2009, kuadhimisha miaka 100, likatoka toleo lililorudia pakiti ya zamani pamoja na weusiweusi wa karatasi iliyozeeka.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Anayependa kisanduku cha njano huona la 2009 limefifia, na anayependa la 2009 huona la njano kama katuni. Kwa haki, toleo la 2009 ndilo linaloonyesha vizuri zaidi mkono wa mchoraji, lakini kwenye mwanga hafifu wa jioni la njano husomeka haraka. Tatu ya shupaza inafaa kuwa kipimo. Katika nakala nzuri mistari ya mvua inahesabika mmoja mmoja. Katika nakala duni mvua na mawingu vimekuwa doa moja la kijivu, na saini ya Smith imekatwa nusu au imetoweka. Tangu haki za kazi yake zilipokwisha Uingereza mwanzoni mwa 2022, nakala duni hazikosekani.

Ukubwa nao hubadilisha matumizi. Karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88, au 57 kwa 89 kwa zile nyembamba. Taroti ya kipimo cha kawaida ni 70 kwa 120. Upana umeongezeka kidogo tu, ila urefu umezidi kwa sentimita tatu, na kidole cha kati hakifiki upande wa pili kwa urahisi. Kwa kuwa karata ni 78, fungu zima ni nene pia, na anayechanga kwa kumwagia karata kutoka mkono mmoja kwenda mwingine atajikuta akiziangusha. Wengi huchanga fungu nusu kwa nusu. Toleo la mfukoni, linalokaribia karata ya kawaida, halina shida hiyo, lakini kila picha imebanwa: maandishi ya chini yanataka miwani, na watu wadogo wa nyuma ya picha wanakuwa vidoa. Toleo kubwa la sentimita 10 kwa 16.5 linafaa darasani au ukutani. Kulichanga ni sawa na kuchanga madaftari.

Meza pia ihesabiwe. Mpangilio maarufu wa Waite wa kuagulia una karata kumi, nne kati yake zikipangwa kwenda juu upande mmoja. Kwa kipimo cha kawaida safu hiyo pekee ni sentimita 48. Kwa toleo kubwa ni 66, bila nafasi katikati. Benchi la kijiweni halitoshi, wala kiti cha meli ya usiku kati ya Bukoba na Mwanza.

Halafu kuna hewa ya Ziwa Victoria. Bukoba hunyesha karibu mwaka mzima, na karatasi isiyo na utando hunywa unyevu, ikavimba kingo na kupinda. Karata zenye utando wa plastiki huvumilia, ila hung'aa chini ya taa na kuteleza zikiwa mpya. Zile zisizong'aa hushikika vizuri na huchoka mapema, weupe ukianza kutokea kwenye pembe. Mfuko wa kitambaa hauzuii unyevu. Kopo lenye kifuniko huzuia.

Anayenunua pakiti iliyokwisha kutumika ahesabu hadi 78 kabla ya kutoa pesa, maana baadhi ya visanduku huwekwa karata za ziada za matangazo na hesabu ikaonekana imetimia. Kijiweni mbili ya uru ikipotea, kipande cha boksi la sigara na kalamu vinatosha. Taroti haikubali dawa hiyo. Na kuazima karata kutoka pakiti nyingine hakusaidii isipokuwa toleo ni lilelile, kwa sababu hata milimita moja ya tofauti kidole huihisi wakati wa kuchanga, na mgongo usiofanana huonekana kabla karata haijafunuliwa.